Jina la Mpigaji

Simu ya laini mbili ni kama nyumba yenye milango miwili: wageni hubisha kotekote, na mwenyeji ni mmoja. Bibi mmoja wa Ibadakuli, mjini Shinyanga, alikuwa nayo. Mwanawe alichimba dhahabu Geita, na kila alipopiga, jina lake lilitokea kiooni. Siku moja zikatokea tarakimu tupu. Bibi hakupokea. Matapeli wajifanyao jamaa hawakukoma hata baada ya laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole kuanza kufungwa Januari 2020, naye alikwisha kuonywa. Siku tatu simu ililia; kumbe mwana alikuwa amelala na mguu uliovunjika, akidhani mama amemsusa.

Mjukuu alipochunguza aliona kosa. Majina yote yalikuwa yamehifadhiwa katika kadi ya laini ya kwanza, si katika simu. Kadi ile iliharibika ikabadilishwa; namba ya bibi ilirudi, majina hayakurudi. Akayaandika upya ndani ya simu yenyewe, kila namba ikianza na +255.

Jioni laini ya pili ililia. Bibi, ambaye hakujua kusoma, alilitazama umbo la jina alilolizoea, akapokea.