Ushirika wa Watu Wanne Kisiwani Fundo

Mara kwa mara husikika swali la ndugu walio wachache vijijini mwao: Je, watu watatu au wanne, wasio na kasisi wala kanisa la mawe, waweza kuitwa ushirika? Nao wakikutana, wafanye nini? Twaomba nafasi tujibu kidogo, si kwa elimu kubwa, bali kwa mambo yaliyotupata sisi wenyewe. Na moja katika hayo ni la aibu yetu.

Sisi tunaoandika ni mwalimu wa shule, tuliyelelewa na kufundishwa na misheni huko bara, na umri wetu haujafika miaka arobaini. Kazi ndiyo iliyotuleta Fundo. Kisiwa hiki ki magharibi ya Wete, katika Pemba. Ni chembamba, kimelala toka kaskazini hata kusini, na mtu hawezi kukifikia illa kwa chombo. Wenyeji wake ni wavuvi, nao ni Waislamu, watu wa heshima na ukarimu. Usiku ule wa kwanza, kabla hatujafungua mzigo wetu, jirani mmoja, naye ni nahodha wa mashua, alituletea sahani ya muhogo na samaki, akasema, "Mgeni halali na njaa hapa, mwalimu."

Tukauliza kama wapo Wakristo. Tukaambiwa, wapo watatu. Wa kwanza ni bibi mzee, mjane. Wa pili ni mjukuu wake, mwashi, aliyekuja kujenga nyumba za watu. Wa tatu ni muuguzi, mwanamke wa bara kama sisi. Basi pamoja nasi tukawa wanne. Lakini tazama, tulikuwa wanne wa njia nyingi: muuguzi ni Mkatoliki, sisi ni Waanglikana, mwashi alibatizwa na Walutheri alipokuwa akijifunza kazi Tanga, na bibi asili ya watu wake ni shamba la Banani, karibu na Chake Chake, yaani watu wa Marafiki, ambao Waingereza huwaita Quakers.

Pengine msomaji hajapata habari za hao Marafiki wa Pemba. Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja alitoa amri kwamba sheria haitautambua tena utumwa katika Unguja na Pemba. Mwaka ule ule wakaja Marafiki kutoka Uingereza, Theodore Burtt na wenziwe, wakapata shamba Banani, ili watu waliotoka utumwani wapate kazi yenye ujira, na elimu, na mahali pa kumwabudu Mungu. Desturi yao ya kale katika ibada ni kukaa kimya wakimngoja Bwana. Tena hawaapi, kwa sababu wanasema ndiyo ya mtu na iwe ndiyo, wala asiwe na kweli mbili, moja ya barazani na moja ya nyumbani. Mwaka 1902 Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi katika Kenya, na huko wakaongezeka sana, hata leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yo yote duniani. Lakini Pemba walibaki wachache siku zote. Bwana ni yule yule. Mahali pamoja alitoa msitu, na mahali pamoja alitoa mti mmoja.

Jumapili ya kwanza tulikutana katika nyumba ya bibi, tukaanza kushindana. Mmoja alitaka rozari, mmoja alitaka kitabu cha sala, mmoja alitaka nyimbo za kwao. Bibi akatutazama, akasema, "Wanangu, tukae kimya kwanza. Desturi zetu ni nne, Bwana wetu ni mmoja." Tukakaa kimya. Mwisho wa kimya kile tukaona kwamba yale tunayoyashika sote ni mengi na makubwa: Mungu mmoja, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, Kristo aliyekufa kwa ajili yetu akafufuka, Neno lake, msamaha wa dhambi, na amri ya kumpenda jirani. Ubatizo na Meza ya Bwana tuliyaachia makasisi wetu, na kila mtu alikwenda kanisani kwao nafasi ilipopatikana. Lakini katika nyumba ile tuliafikiana kufanya mambo matano kila Jumapili: kukaa kimya na kusali, kusoma Neno, kula pamoja cho chote kilichopo, kuweka akiba kidogo kwa ajili ya mwenye shida, na kuambiana kweli. Mane ya kwanza ni karibu na yale tunayosoma katika Matendo ya Mitume, mlango wa pili. Jambo la tano bibi ndiye aliyelitia.

Akiba yetu tuliiweka katika kopo la bati lililokuwa la majani ya chai. Kusudi lake lilikuwa moja: mtu akiugua, ipo nauli ya mashua ya kumvusha Wete, hata ikiwa ni usiku. Wenzetu wakasema, "Mwalimu ndiye ajuaye hesabu, na alitunze yeye." Tukalipokea, na kwa kweli tulifurahi kuaminiwa.

Sasa twafika penye aibu. Barua ilitoka nyumbani kwamba ndugu yetu mdogo atafukuzwa shule kwa kukosa ada. Mshahara ulikuwa bado. Tukafungua kopo, tukatoa karibu zote, tukisema moyoni, "Tutazirudisha mwisho wa mwezi, hakuna atakayejua." Mwisho wa mwezi ukaja na madeni yake. Ukaja na wa pili. Kila Jumapili tulilifungua kopo upande wetu tu, wenzetu wakatia sarafu zao, tukalifunga upesi. Wala hatukusema uongo hata neno moja, kwa maana hakuna aliyetuuliza. Lakini, wasomaji wapenzi, tuliona jambo la ajabu. Sala zetu zikawa ndefu kuliko za wote, na kimya kile cha bibi kikawa kizito, hata tukawa twatafuta sababu ya kukifupisha. Tukikaa kimya, kimya kilitusema. Basi tukaanzisha nyimbo mapema, tukaimba kwa nguvu.

Usiku mmoja wa kusi, upepo ukivuma, mwashi aligonga mlango wetu. Bibi hawezi kupumua vema. Muuguzi alikwisha mwona, akasema, "Asikae hapa hata kukicha." Mwashi akatuambia, "Mwalimu, lete kopo." Tukalileta. Akalifungua mwenyewe kwenye taa, akaona sarafu chache chini yake. Akatutazama, asiseme neno. Tungependa angetupiga.

Ndipo akaja yule nahodha aliyetuletea muhogo siku ya kwanza. Mwashi akamwambia kwamba nauli haipo. Akajibu, "Nauli itazungumzwa mgonjwa akipona. Mchukueni." Akasukuma mashua yake, akawavusha katika bahari ile mbaya. Bibi alilala hospitalini siku tisa, Mungu akamponya. Tulipokwenda kwa nahodha na fedha tulizokopa mahali pengine, alikataa kuzipokea. Akasema kwa upole, "Mwalimu, nyimbo zenu hufika mpaka pwani. Na mambo mengine pia hufika." Hakusema zaidi, nasi hatukuhitaji zaidi.

Jumapili mbili mwashi hakuja. Alimwambia muuguzi, "Mimi nitasali peke yangu. Nikiwa peke yangu sitaibiwa." Hapo ushirika wetu ulikaribia kufa, nao haukuuawa na Waislamu, wala na umaskini, wala na uchache wetu. Sisi ndio tuliouua, tena kwa jambo ambalo hata adui yetu asingaliweza kulifanya.

Siku moja jioni muuguzi alikuja kwetu, akakaa barazani. Akasema, "Mwalimu, nimekuja peke yangu, na neno hili sijalipeleka kwa mtu. Nitakaa hapa hata useme." Msomaji akumbuke Injili ya Mathayo, mlango wa kumi na nane, kwamba ndugu akikosa, aendewe kwanza pa faragha. Sisi tulikuwa tumewafundisha watoto wa Wakristo maneno yale mara nyingi ubaoni, na sasa yalikuja yakakaa barazani kwetu. Tulijitetea kidogo kwa habari ya ada, kisha tukanyamaza, kisha tukasema yote.

Jumapili iliyofuata wote wanne tulikuwa kwa bibi, mwashi naye alikuja, ila alikaa karibu na mlango. Tukaungama mbele yao, tukataja kiasi, tukaomba radhi. Bibi akasema, "Mwanangu, fedha ni jambo la mwisho, utazilipa. Lakini Jumapili nane ulisali kwa sauti, nami nikasema Amina. Amina zangu ndizo ninazokudai." Hatukuwa na jibu. Tukalia. Akatushika mkono, akatuambia tukae kimya pamoja naye, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili kimya kile hakikutuumiza.

Fedha tulizilipa kwa miezi mitatu. Kopo likahamia kwa bibi, na tangu siku ile halifunguliwi illa mbele ya watu wawili, na hesabu husomwa kwa sauti kila mwezi. Mwashi alichukua muda kutusalimu kama zamani. Hatukumlaumu, msamaha hutolewa siku moja, lakini kuaminiana hujengwa jiwe juu ya jiwe, naye mwashi alijua hayo kuliko sisi.

Baadaye tulitafakari, tukaona kwamba wengine wamepita njia hii kabla yetu. Huko Gahini katika Rwanda, miaka ya 1930, uamsho ulianza ulioenea Uganda, Kenya na Tanganyika, na nguvu yake ilikuwa katika vikundi vidogo vya ndugu waliokutana kusali na kuungamiana dhambi waziwazi. Nao maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, waliazimu kulijenga kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, majirani wakikutana nyumba kwa nyumba, wakisoma Neno na kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Hao hawakuona kwamba udogo ni kasoro. Katika mkutano wa watu mia tano mwizi aweza kuimba miaka kumi asijulikane. Katika watu wanne kosa la mmoja ni ugonjwa wa wote, na uponyaji wake vile vile ni wa wote.

Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wavuvi wamewahi kuafikiana kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa, asivue mtu pweza hapo, ili wakue. Siku ya kuufungua, watu hushuka wote pamoja. Katika miezi ile bahari haina mlango wala kufuli. Kinachoulinda mwamba ni neno walilopeana. Atakayekwenda usiku na mkuki wake hakuiba pweza tu, ameiba lile neno. Nasi tulikuwa mtu yule wa usiku.

Basi, ndugu mlio wachache, jibu letu ni hili. Ndiyo, ninyi ni ushirika, kwa maana Bwana hakuweka hesabu kubwa kuliko wawili au watatu. Salini, someni, kuleni pamoja, wekeni akiba ya mwenye shida. Mambo hayo manne hata mnafiki aweza kuyafanya vizuri, sisi tuliyafanya. La tano, kuambiana kweli, ndilo linaloyatia uhai. Fedha za ushirika zisikae kwa mtu mmoja, hata akiwa mwalimu. Kumwepusha ndugu na majaribu ni sehemu ya kumpenda. Mkosaji aendewe kwanza faraghani, wala habari yake isipelekwe kisimani. Na mkosaji akisema kweli, asikumbushwe kila siku. Tena msidharau wema wa jirani asiye wa dini yenu. Usiku ule amri ya kumpenda jirani sisi tuliikariri, na nahodha aliitenda.

Bibi angali hai, ingawa macho yake yamepungua nguvu. Jumapili iliyopita tulisoma hesabu ya kopo kama desturi, zikapatikana nauli mbili na zaidi kidogo. Akauliza, "Mmehesabu wangapi?" Tukasema, "Wawili, bibi." Akasema, "Amina."

Sisi ni wenu katika Bwana,
Mwalimu wa Fundo, Pemba