Wote Wakishangilia, Shika Mfuko Wako

Ndugu msomaji, wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema ufanyeje ukikuta wilaya nzima imekwisha wafuata nyuki hao hao. Wachuuzi wa mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, wanalijua jambo hili: sifa za bei ya dagaa zikienea mitaa yote, anayekimbilia kununua huuziwa na yule aliyenunua walipokuwa wakidharauliwa.

Juma lililopita shemeji yangu, mfanyakazi anayekaribia kustaafu, alinitaka ushauri: je, atie kiinua mgongo chake chote katika hisa? Nilimwuliza sababu. Akajibu, "Kila mtu ananunua." Jibu hilo lilinitia hofu.

Bei ya hisa hupanda wanunuzi wakiwazidi wauzaji. Sasa basi, kila mtu akishanunua, nani atabaki kuipandisha? Vivyo hivyo, waoga wote wakishauza, wa kuishusha ni wachache. Nchini Marekani chama cha wawekezaji wadogo huwauliza wanachama wake kila juma, tangu mwaka 1987, kama watazamia bei kupanda ama kushuka. Mwanzoni mwa Machi 2009, asilimia 70 walitazamia kushuka. Tarehe 9 ya mwezi huo huo soko lilifika chini kabisa, kisha likapanda kwa miaka mingi.

Tutazame jirani. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya hisa za Safaricom, kila moja shilingi 5. Watu walipanga foleni, wengine kwa fedha za mkopo, na maombi yakazidi hisa mara kadhaa. Tarehe 9 Juni, siku ya kwanza sokoni, bei ilivuka shilingi 7. Mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Bei ilishuka, deni la aliyekopa halikushuka. Mwaka 2021 hisa ile ile ilivuka shilingi 40, lakini mwenye kudaiwa hana subira ya miaka kumi na mitatu.

Hata hivyo, kupinga umati si hekima peke yake. Vodacom Tanzania ilipouza hisa kwa shilingi 850 mwaka 2017, wananchi walisita hata muda wa mauzo ukaongezwa. Baadaye bei ilishuka chini ya hapo. Waliosita hawakukosea.

Kwa hiyo kelele za watu ni kengele tu. Hukuamsha, hazikuchagulii njia. Hapana budi kuuliza kampuni inapata faida gani na inatoa gawio gani. Usinunue kwa mkopo, wala kwa fedha ya ada na matibabu. Na kama sababu yako pekee ni kwamba wote wananunua, ndugu yangu, subiri kwanza upate ya pili.