Hita Iliyokataa Kuwaka

Williston ni mji wa jimbo la North Dakota, Marekani, usio mbali na mpaka wa Kanada. Nchi yake ni tambarare, haina mlima wala msitu wa kuuzuia upepo utokao kaskazini. Mwaka 2010 hesabu ya watu iliukuta mji huo na wakazi 14,716. Mwaka 2020 ikaukuta na wakazi 29,160. Kilichowavuta watu hao ni mafuta ya petroli yaliyomo katika tabaka la mwamba liitwalo Bakken. Kazi zilikuwa nyingi kuliko vitanda, na wengi waliokosa nyumba za kupanga waliishi katika matrela, yale matrela ya kuvutwa na gari ambayo Wamarekani huyatumia kwa matembezi ya kiangazi. Januari 2014, katika uwanja mmoja wa matrela hayo, walikuwamo Watanzania wawili, mjomba na mpwa wake. Mjomba alikuwa amekwisha kuona majira ya baridi kumi na mawili ya Marekani. Mpwa ndiyo kwanza yalikuwa yake ya kwanza.

Kuta za trela ni mbao nyembamba na bati la alumini, na katikati yake mna kijazo cha kulizuia joto lisitoroke, unene wa vidole vichache. Ndani mna vitanda, meza, jiko la gesi lenye oveni, na mabomba ya maji yapitayo chini ya sakafu. Nje, juu ya chuma cha kuvutia, hukaa mitungi miwili ya gesi na betri moja. Joto hutoka katika hita iliyofichwa nyuma ya mlango mdogo wenye matundu. Hita hiyo ikizimika usiku wa baridi kali, maji huganda kwanza mabombani, na binadamu hufuata.

Usiku mmoja, saa nane, mpwa aliamka kwa baridi. Nje zilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Barafu ilikuwa imeota upande wa ndani wa kioo cha dirisha, na pumzi yake ilionekana kama moshi. Alisikiliza, akasikia feni ya hita inazunguka. Akaweka mkono penye tundu la hewa, akakuta hewa inayotoka ni baridi kama barafu yenyewe. Akaamua mara moja kwamba gesi imeganda mtungini. Akawasha jiko, akateleka sufuria la maji ili yakipata moto akaumwagie mtungi.

Dhana hiyo haikuwa ya kipumbavu, na inastahili kutazamwa kwa heshima. Gesi ya kupikia ya Dar es Salaam ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Ndani ya mtungi gesi hizo hukaa kama majimaji kwa sababu ya msukumo mkubwa, na hugeuka mvuke pale tu zinapochemka. Neno kuchemka hapa lisimtie msomaji katika fikira za moto. Buteni huchemka ikifika karibu na sifuri, na propeni huchemka katika nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo mtungi uliojaa buteni tupu ukipelekwa Williston wakati wa baridi utakuwa kama mtungi wa maji: mzito, umejaa, wala hautoi kitu. Propeni hustahimili, walakini hata yenyewe hulegea. Katika nyuzi 20 za joto msukumo wake hupita mara nane ya msukumo wa hewa tunayoivuta. Katika nyuzi 30 chini ya sifuri haufiki hata mara mbili. Aidha, kila tone linalogeuka mvuke hudai joto, na joto hilo hutoka katika hewa inayouzunguka mtungi. Ndiyo maana mtungi utumiwao kwa nguvu hutoa jasho hata Kariakoo, na huko North Dakota huvaa sakitu nyeupe hadi pale majimaji yalipofikia. Lugha yetu ilikuwa na busara ya bahati ilipolichukua jina la chombo cha udongo cha maji ikakipa chombo cha chuma cha gesi, maana vyote viwili hutoa jasho, ingawa kwa sababu mbalimbali.

Mjomba aliamshwa na mlio wa sufuria. Aliketi kitandani, blanketi mabegani, akatazama jiko, kisha akamtazama mpwa wake.

"Mjomba, unafanya nini?" aliuliza, kwa maana watu wa pwani mjomba na mpwa huitana jina moja.

"Shikamoo, mjomba. Gesi imeganda. Nachemsha maji nikaiyeyushe."

"Marahaba. Na hayo maji unayachemsha kwa nini?"

"Kwa gesi."

Kijana alinyamaza. Mjomba hakucheka, au kama alicheka ilikuwa chini ya blanketi. Alisimama, akawasha meko yote matatu kwa pamoja, akayatazama kwa muda wa kama dakika moja. Ndimi za moto zilisimama za samawati, hazikupungua wala hazikugeuka manjano. Jambo hilo lilikuwa na maana, kwani jiko hula gesi kidogo kuliko hita, na moto wa meko moja peke yake usingetosha kuwa shahidi. Meko matatu yaliyosimama imara yalionyesha kwamba mtungi unatoa, na kwamba kile chombo kinachopunguza msukumo, ambacho mafundi hukiita regulata, hakikuzibwa na barafu. Regulata huzibika mara nyingine, maana unyevu kidogo uliomo katika gesi huganda penye tundu jembamba. Na likitokea hilo hutibiwa kwa maji ya moto, wala si kwa mwenge, kama walivyojaribu wengine wasiosimulia.

Akayazima meko. Kijana, aliyekuwa akitetemeka, akasema kwamba basi heri wafungue oveni waiache ikiwaka mpaka asubuhi, joto lake litawatosha. Mjomba alikataa, na alikataa kwa sauti ambayo mpwa hakuwahi kuisikia kwake. Oveni haina bomba la kutolea moshi. Huvuta hewa ya chumba na hurudisha uchafu wake chumbani humo humo. Na hewa safi inapopunguka, moto huanza kuzaa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kukikamata kiti cha oksijeni. Propeni yenyewe hutiwa harufu mbaya kiwandani ili ikivuja ijulikane. Kaboni monoksidi hakuna anayeitia harufu. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na katika usiku wa namna ile kusinzia ndilo jambo alilokuwa akilitamani. Kila majira ya baridi hufa watu kwa njia hiyo, nao si wajinga; ni watu waliosikia baridi. Hita ya trela ni salama kuliko oveni kwa sababu moto wake umefungiwa katika chumba cha chuma, huvuta hewa ya nje na kutema moshi nje, na joto tu ndilo linaloingia ndani.

"Tangu ulipoamka," mjomba aliuliza, "umesikia cheche ngapi?"

"Cheche?"

"Tik, tik, tik."

"Sijasikia hata moja. Feni tu."

"Basi gesi haijaulizwa bado."

Maneno hayo machache yalikuwa na elimu yote ya kitu kile. Hita haiwaki kwa amri moja. Huwaka kwa idhini zinazofuatana, na kila idhini husubiri iliyotangulia. Kwanza kipima joto cha ukutani huita, na feni huanza. Karibu na feni pana swichi ndogo yenye ubapa mwembamba, ambayo mafundi wa Marekani huiita swichi ya tanga, na jina hilo lingemfurahisha baharia yeyote wa Unguja kwa jinsi lilivyo la haki: upepo wa feni ukivuma sawasawa, tanga huinuka na kuunga umeme, upepo ukiwa haba, tanga hubaki limelala. Tanga likiisha kuinuka, hita husubiri kadiri ya sekunde 15 ili feni ifagie mabaki ya gesi yaliyomo. Hapo ndipo vali ya gesi hufunguka na cheche hulia. Moto usipoonekana, vali hufungwa, na hita hujaribu tena. Aghalabu ikishindwa mara tatu hunyamaza. Kwa hiyo sikio laweza kupambanua. Cheche zikilia na moto usishike, shaka ni ya gesi. Feni ikizunguka na cheche zisilie kabisa, shaka ni ya upepo, au ya tanga, au ya umeme uuletao upepo huo. Mtu aliyetoka mbio na maji ya moto kuuendea mtungi hakuwa amesikiliza. Tena chombo chenyewe hakikuwa kibaya. Kilikataa kuwasha moto mahali ambapo hakikuwa na hakika ya upepo, na huko kukataa ndiko kazi kilichoundiwa.

Mjomba aliinamisha kichwa karibu na mlango wa matundu. Feni ilikuwa ikizunguka, lakini mlio wake ulikuwa wa chini, kama wa mtu anayepanda ngazi akiwa amechoka. Akachukua mita ya umeme, akaigusisha penye nyaya za betri. Betri iliyojaa huonyesha zaidi ya volti 12 na nusu. Ile ilionyesha 10.2 feni ikizunguka. Feni ya volti 10 hupuliza, lakini haipulizi vya kutosha kuinua tanga.

Likabaki swali la kwa nini betri imechoka, hali trela limeungwa kwa waya kwenye umeme wa uwanja, na chaja yake haina kazi nyingine isipokuwa kuijaza. Hapa ndipo ilipofichika shida, na yafaa kuwalaumu waundaji wa taa kabla ya kumlaumu kijana. Zamani taa za trela zilikuwa za waya mwembamba unaowaka, na betri ilipopungua zilififia na kuwa nyekundu, hata mtoto akajua. Taa za siku hizi ni za LED. Hung'aa karibu vile vile mpaka dakika za mwisho. Wawili hao walikuwa wamekaa chini ya mwanga mweupe usio na dalili yoyote.

Mjomba alifungua kisanduku cha umeme chini ya kabati. Sakiti breka moja ilikuwa imejikata. Kijana akakumbuka. Saa tatu za usiku aliwasha hita ndogo ya umeme karibu na miguu yake, ya wati 1,500, kisha akachomeka birika la umeme apate chai. Birika likazimika kabla maji hayajachemka. Akadhani limekufa, akachemsha chai yake kwa gesi, akalala. Umeme wa Marekani ni wa volti 120, na breka ya ampea 15 haibebi zaidi ya wati 1,800. Vyombo viwili vile kwa pamoja vilipita kiasi hicho kwa mbali. Breka ilifanya haki kujikata. Lakini katika trela lile chaja ya betri ilikuwa katika njia hiyo hiyo ya umeme, nayo ikazimika kimya pamoja na birika. Tangu saa tatu hadi saa nane hita kubwa iliendeshwa na betri peke yake, nayo imekaa nje katika baridi ambayo huipunguzia betri sehemu kubwa ya nguvu zake hata ikiwa imejaa.

Kurudisha breka ni kazi ya kidole kimoja, lakini mjomba hakuirudisha mara moja. Betri ya asidi iliyojaa haigandi kwa baridi ya kawaida, hata ya huko. Iliyokwisha huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na kuitia umeme betri iliyoganda ni kuikaribisha ipasuke. Gizani, kwa glavu nene na kurunzi, hakuna awezaye kuapa kwamba ndani hamna barafu. Alivaa, akatoka, akailegeza nyaya zake, akaiacha hadi mchana. Chaja ya trela lile yaweza kuiendesha feni bila msaada wa betri. Alikuwa nje muda usiotimia dakika nne, na aliporudi hakuweza kufungua vifungo vya koti lake, mpwa akamfungulia.

Kisha hita ndogo ya umeme na birika vikachomolewa, na breka ikarudishwa.

Feni ilinguruma kwa sauti nyingine kabisa. Kijana akaanza kuhesabu kwa vidole, na alipofika kumi na nne akasikia cheche, tik, tik, na kabla ya ya tatu moto ukashika kwa kishindo kidogo nyuma ya bati. Hewa ya kwanza iliyotoka ilikuwa na harufu ya vumbi. Ya pili ilikuwa na joto.

Mjomba hakurudi kulala. Alikwenda kwenye bomba la jikoni, akalifungua. Halikutoa kitu. Akaufungua mlango wa kabati lililo chini yake ili joto lipate kuingia penye mabomba, akaketi mbele yake na kikombe cha maji yaliyokuwa yamekusudiwa kumwagiwa mtungi, ambayo sasa yalitiwa majani ya chai. Karibu saa kumi na nusu bomba likakohoa, likatema vipande vya barafu, kisha uzi wa maji.

"Usilifunge," alimwambia mpwa wake. "Liache litiririke mpaka kuche."