Juliet wa Kampala: Yasmin Alibhai-Brown na Nusu ya Pili ya Hukumu

Msichana wa Kihindi aliyechaguliwa kuigiza Juliet katika shule moja ya Kampala hakujua kwamba jukwaa lile lingemnyima sauti ya baba yake. Aliyeigiza Romeo alikuwa Mwafrika. Kwa mujibu wa simulizi lake mwenyewe, baba hakusema naye tena hadi alipofariki.

Msichana huyo ni Yasmin Alibhai-Brown, ambaye Uingereza humfahamu kama mwandishi wa vitabu na wa safu za magazeti. Alizaliwa Kampala mwaka 1949 katika jamii ya Waismailia, akasomea fasihi ya Kiingereza Makerere. Mwaka 1972, mwaka ambao Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda, alihamia Uingereza, na mwaka 1975 akapata shahada ya uzamili Oxford. Kwa miaka mingi aliandika safu katika gazeti la The Independent, akiukemea ubaguzi wa rangi na kuwatetea wahamiaji. Mwaka 2001 alitunukiwa nishani ya MBE. Mwaka 2003 akairudisha, akipinga vita vya Iraq.

Mhakiki azisomaye safu hizo peke yake atamwona mshitaki tu. Safu ni utanzu wa haraka: hudai msimamo na hukumu kabla gazeti halijachapwa. Lakini katika kitabu chake The Settler's Cookbook, ambamo tawasifu imefumwa pamoja na mapishi, mshitaki huyo huyo anawaita kizimbani watu wa nyumbani kwake. Aliyebaguliwa London alilelewa katika jamii iliyombagua Mwafrika. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Ujasiri wa mwandishi huyu ni kuligeukia lake hadharani.

Mapishi yenyewe si pambo. Waasia wa Afrika Mashariki walifika Uingereza na muhogo, ambao ndimi zao huuita mogo, na kuku wa nazi waitwaye kuku paka. Maneno ya Kiswahili yakavuka bahari ndani ya sufuria. Waafrika wengi waliomenya muhogo huo katika majiko ya Waasia hawakuvuka, wala majina yao hayakuandikwa.

Je, kukiri huku kunamtakasa Amin? La hasha. Dhuluma ya dola haihalalishwi na kiburi cha dukani. Kinachobainika ni kwamba mtu aweza kudhulumiwa na bado akawa na deni, na kwamba tawasifu ina nafasi ya kuyabeba yote mawili ambayo safu haina.

Kwa hiyo, uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki hauna budi kuyapokea maandishi haya, ijapokuwa yaliandikwa Uingereza, tena kwa Kiingereza. Kesi inayosikilizwa humo ni ya huku, na baadhi ya mashahidi wake bado hawajaulizwa.