Jioni Tuliyokwama Mbudya

Kama mko Dar na mnatafuta pa kutorokea siku moja bila kuvunja kibubu, Mbudya iko hapo tu. Mnafika Kunduchi, mnapanda boti, na muda si mrefu mko kwenye mchanga mweupe. Kisiwa hakina kijiji. Ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, lina mibuyu, mabanda ya makuti na harufu ya changu wa kuchoma. Kwa wawili wanaopendana, raha tupu!

Sisi tulikwenda tukiwa na letu. Kwa miezi miwili mimi na mume wangu tulikuwa tunaongea mambo ya nyumba tu. "Luku imebaki ngapi?" "Ada umelipa?" Basi. Kumbe mwenzangu alikuwa ameomba uhamisho wa kwenda Mwanza, na mimi nikaja kuambiwa kwenye kicheni pati, na mke wa mfanyakazi mwenzake! Nilimeza. Nikajiambia, tukifika Mbudya nitamuuliza.

Sikumuuliza. Tulikula, tukaogelea, tukapiga picha za tabasamu. Saa kumi na moja jioni tukapanda boti, nahodha akazungusha ufunguo. Tk! Akarudia. Tk! Kimya. Boti nyingine zilishaondoka, na mtoto wetu alikuwa kwa jirani aliyetutegemea kabla ya magharibi.

"Betri imekufa hiyo," mume wangu akasema, kwa sauti ile ninayoijua. "Nilisema tuondoke mapema."

"Ulisema saa ngapi?" nikamjibu. Mnaona tulikokuwa tunaelekea?

Nahodha, mzee wa makamo, hakutushughulikia. Kwanza alihakikisha gia haijaingia, maana mashine nyingi za boti hazikubali kuwaka zikiwa kwenye gia. Akaangalia ile kamba nyekundu ya usalama, ambayo ikichomoka mashine huzimika. Ilikuwa mahali pake. Akabonyeza honi, ikalia vizuri kabisa. Akawasha taa, ikawaka. Halafu akamwambia mume wangu, "Mwanangu, itazame hiyo taa nikizungusha ufunguo."

Tk! Taa ikafifia, karibu izimike.

"Si nimesema betri?"

"Huenda. Lakini betri ni ya kulaumiwa mwisho." Akafunua kisanduku, akaacha hewa ipite kwanza, maana betri na petroli vyote hutoa hewa inayoshika moto. Akazima kila kitu, akagusa vichwa vya betri kimoja kimoja. "Huu wa hasi una joto. Umeme unakwama hapa."

Nikamuuliza, mbona honi imelia?

"Honi inataka umeme kidogo, mama. Kidogo kinapita hata penye kutu. Stata inataka mwingi kwa mpigo, na mwingi haupiti."

Akalegeza nati, akaanza na waya wa hasi, kisha wa chanya. Ndani ya kishikio mlikuwa na unga mweupe wa kijani, kazi ya chumvi ya bahari. Mume wangu alimshikia tochi ya simu huku mzee akisugua kwa msasa mpaka risasi ikang'aa. Akarudisha chanya, hasi mwisho, akakaza, akapaka grisi. Ufunguo. Mashine ikanguruma mara moja! Betri ni ileile.

Njiani nilikuwa bado nasikia maneno ya yule mzee. Ya luku yalikuwa yanapita kwetu. Ya ada yalikuwa yanapita. Nami nilidhani mume ndiye aliyebadilika, nikafikia hata kuwaza mambo ambayo sitayaandika hapa. Taa za Kunduchi zilipoanza kuonekana nikamwambia, "Niambie habari za Mwanza."

Alinyamaza kidogo. "Niliogopa utakataa," akasema. "Halafu nikaogopa kwa nini nimechelewa kukwambia."

Hatukumaliza siku ile. Tuligombana kidogo palepale kwenye boti, na tukaendelea nyumbani mpaka saa sita usiku. Lakini yale makubwa yalikuwa yamepita.

Basi nanyi mkienda, nendeni asubuhi na mrudi jua lingali juu. Vaeni majaketi ya kuokolea, na mwombeni nahodha awashe mashine kabla hamjaachana na ufukwe. Mwenye boti yake asafishe vichwa vya betri mara kwa mara, na apime: betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma kama 12.6. Ikiwa namba ni nzuri na bado stata inasema tk, usikimbilie dukani. Tafuta kwanza panapokwama.

Mwanza? Bado tunajadiliana.