Gsann baada ya X Plastaz

Ukitaja hip hop ya Arusha, watu wanakimbilia X Plastaz na albamu yao ya mwaka 2004, Maasai Hip Hop: Merege anaimba Kimaasai, wenzake wanachana Kiswahili. Safi kabisa. Mimi navutiwa zaidi na kilichofuata.

Mwaka 2006 Faza Nelly aliuawa. Pengo kama hilo huzibi kwa kutafuta rapa mwingine.

Ndiyo maana huwa nairudia ile klipu ya 2009, Gsann akiwa kwenye mduara wa BET Hip Hop Awards, Marekani. Wenzake wanachana Kiingereza. Zamu yake ikafika, akashusha Kiswahili, bila kumtafsiria mtu.

Kwenye kundi unaacha mstari ukijua mshkaji ataudaka. Peke yako, lazima uumalize mwenyewe. Hapa chini ya Meru nawajua vijana kibao walioweka maiki chini kundi lilipovunjika. "Bila washkaji haina maana," wanasema. Siwalaumu. Ila nikimsikiliza Gsann pale, naona kundi linaweza kuisha na lugha yake ikabaki kinywani mwa mmoja.