Kisu cha Safari: Tazama Mpini Kabla ya Mng'aro

Kovu lililoko kwenye kidole changu cha shahada ndiyo karo niliyolipia somo hili. Naliandika ili wewe ulipate bure.

Jioni moja ya mwaka 2019, watumishi watatu wa serikali tulikuwa tumepiga hema kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Bududa. Mvua ikatushukia ghafla. Nikatoa kisu cha kukunja nilichokuwa nimekinunua Kampala kwa shilingi 60,000, ili nitoboe turubai na kupitisha kamba nyingine. Nilipokandamiza ncha, kile kichuma kidogo kinachozuia bapa lisijikunje kikateleza, na bapa likajifunga juu ya kidole changu. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu, na njia ilikuwa tope tupu. Wenzangu wakanifunga jeraha kwa kitambaa, tukakesha tukingojea mapambazuko. Mtu ambaye riziki yake hutoka katika kalamu huujua uchungu wa usiku kama ule.

Niliporudi nyumbani, baba mkwe wangu, askari mstaafu, alikuja kunijulia hali. Alikitazama kisu kile kilichong'aa kama kioo.

"Pole, mwalimu," aliniambia. Huniita hivyo kwa ajili ya cheti changu cha ualimu, ingawa sasa kazi yangu ni ya ofisini. "Ulinunua kisu, au ulinunua pambo?"

Sikuwa na la kujibu. Mzee akatoa chake mkobani: kisu cheusi, kisichokunjwa, chenye mpini wa mti na ala ya ngozi. Kilifuliwa na mhunzi kutoka katika springi ya lori. Mzee alisema kuwa kisu cha porini hakina haja ya kuwa na kiungo, kwa maana penye kiungo ndipo penye udhaifu.

Kidole kilipopona, tulikwenda pamoja Katwe, kule Kampala waliko mafundi wa chuma, naye akanifundisha kuchagua. Kwanza alitazama msuka, yaani ile sehemu ya chuma iingiayo ndani ya mpini. Katika kisu imara, msuka huonekana ukipita kati ya vipande viwili vya mpini hadi mwisho. Visu vingi vya bei rahisi vina msuka mfupi kama msumari, na siku ya kazi nzito bapa huchomoka.

Pili alipima ukubwa. Bapa la sentimita 10 hivi, lenye unene wa milimita 3, latosha kuchonga vigingi, kukata kamba, kuchuna mnyama na kumenya viazi. Anayetaka kukata miti, na achukue panga. Tatu, alimwomba fundi tupa, akaipitisha kidogo kwenye ukingo wa makali. Tupa ikila chuma kama inavyokula mti, chuma hicho ni laini na makali yake hayatadumu; ikiteleza, chuma kimepikwa vizuri. Nne, alikitia kisu alani na kuipindua juu chini. Kisu kilichoanguka alikirudisha mezani, kwa kuwa kisu kinachotoka chenyewe alani ni hatari kwa paja la mwenyewe.

Niliondoka na kisu cha springi kwa shilingi 15,000, nikaongeza kinoo. Wakati wote huo, zile 60,000 zilikuwa zikinisuta moyoni.

Simaanishi kwamba vya kigeni vyote ni vibaya. Katika mji wa Mora, nchini Swidi, hutengenezwa visu vyepesi vyenye mpini wa plastiki, ambavyo mafundi na wawindaji hununua kwa bei nafuu. Msuka wake aghalabu haufiki mwisho wa mpini, lakini umeshikwa barabara. Ni visu vizuri mradi usivigeuze kuwa patasi au mtaimbo. Ukikuta kimeandikwa kuwa ni cha chuma kisichoshika kutu, hicho chafaa kwa mvua na kwa samaki. Chuma cha kawaida, kama kile cha springi, hunoleka upesi, lakini hushika kutu usiku mmoja tu ukikisahau na unyevu. Kifute, kikaushe, kipake mafuta kidogo ya kupikia.

Hapana budi niseme na walio nyumbani pia. Kisu cha safari hakiachwi mezani wala chini ya mto mbele ya watoto. Mahali pake ni juu, ndani ya ala. Wala si kitu cha kutembea nacho sokoni. Kisu butu nacho kisikudanganye: humfanya mtu atumie nguvu nyingi, nacho hukata pale asipokusudia.

Mwaka uliofuata tulipanda tena mlima ule. Mvua ilinyesha kama kawaida yake, kamba ikakatika kama kawaida yake. Nilitoa kisu changu cheusi, nikachonga kigingi kipya, nikakifuta, nikakirudisha alani. Usiku ule nililala.